Kimya cha Usiku: Uhakiki wa Lugha ya Makosa katika Kazi za Ratiba za Seva za Linux

Uhakiki wa Kiswahili umezoea riwaya, tamthilia, tenzi na masimulizi ya wazee. Matini zinazochunguzwa hapa hazina mwandishi mwenye jina, wala msomaji aliyezingoja kwa hamu. Ni ujumbe mfupi mfupi ambao kompyuta zinazotumia Linux huuandika usiku, pale kazi za matunzo zilizopangiwa saa zinapokwama: kunakili hifadhidata, kukunja na kufuta kumbukumbu za zamani, kusafisha mafaili ya muda, kuhuisha vyeti vya usalama. Asubuhi ujumbe huo humfikia msimamizi wa seva, ambaye mara nyingi huutazama kwa jicho moja na kuendelea na chai yake. Dai la makala hii ni kwamba makosa mengi ya kazi hizo hayadumu kwa sababu ya ugumu wa mashine, bali kwa sababu ya usomaji mbaya. Na kwamba ujumbe ulio mgumu kuliko wote kuusoma ni ule usioandikwa.

Jambo hili si la mafundi peke yao. Idara yoyote ya Kiswahili inayohifadhi leo sauti za wazee, picha za magazeti ya zamani na tasnifu za wanafunzi, huvihifadhi vitu hivyo ndani ya seva. Ikumbukwe matini mashuhuri ya Lubumbashi, yaani Vocabulaire ya mji wa Elisabethville, iliyotungwa na André Yav mwaka 1965 na kutolewa pamoja na tafsiri na ufafanuzi wa Johannes Fabian mwaka 1990. Kati ya tarehe hizo mbili ilipita miaka 25, na karatasi zilizopigwa taipureta hazikudai mengi kwa mtu yeyote: ilitosha zilazwe pakavu. Faili la leo halina subira hiyo. Linaishi kwa kunakiliwa tena na tena, na anayelinakili ni kazi ya usiku isiyotazamwa na mtu. Kazi hiyo ikikwama miezi minane, hakuna kinachoonekana kupotea hadi siku diski itakapokufa.

Mtunza ratiba wa kale katika mitambo hii ni programu iitwayo cron, ambayo jina lake linahusishwa na neno la Kigiriki lenye maana ya wakati. Ilikuwemo tayari katika Toleo la 7 la Unix la mwaka 1979, na muundo ulioenea zaidi katika Linux unatokana na ule ulioandikwa na Paul Vixie mwaka 1987. Kila mstari wa ratiba yake, iitwayo crontab, ni sentensi yenye vielezi vitano vya wakati vikitangulia amri: dakika, saa, siku ya mwezi, mwezi, na siku ya juma. Katika hesabu ya siku za juma, Jumapili ni 0 au 7, Jumatatu ni 1, Ijumaa ni 5. Mwanafunzi aliyelelewa na Kiswahili cha pwani hupata taabu hapa, kwani Jumatatu yake imebeba tatu na Jumatano yake imebeba tano, ilhali kwa cron Jumatano ndiyo 3. Msemaji wa Kiswahili cha Kongo, ambaye huita Jumatatu siku ya kwanza na Ijumaa siku ya tano, kabla ya kuifikia siku ya posho, anakuta hesabu ya mashine inalingana na ya nyumbani kwake. Ni nadra mitambo kumpendelea namna hii.

Lakini sarufi ya crontab ina mtego ambao haumpendelei yeyote. Vielezi vya dakika, saa na mwezi huunganishwa kwa «na»: sharti vyote vitimie. Siku ya mwezi na siku ya juma, zikiandikwa zote mbili, huunganishwa kwa «au». Mstari 0 3 13 * 5 hausemi «saa 9 za usiku, tarehe 13 iwapo ni Ijumaa». Unasema «saa 9 za usiku kila tarehe 13, na pia kila Ijumaa». Kiunganishi hakiandikwi popote. Aliyetegemea kazi ifanyike mara moja au mbili kwa mwaka ataikuta ikifanyika kila juma, na kama kazi yenyewe ni ya kufuta, hasara ni wazi. Hapa kosa halitoi ujumbe wowote, kwa sababu kwa upande wa mashine hakuna kosa.

Tatizo linalolalamikiwa zaidi ni lingine: amri inafaulu ikiandikwa kwa mkono mchana, na inashindwa ikiitwa na cron usiku. Wanaoanza huona ni uchawi. Mwanaisimu ataona ni suala la muktadha. Mtu akiingia kwenye seva kwa jina lake, hukuta mazingira yameandaliwa: njia ndefu ya saraka ambamo amri hutafutwa, lugha aliyoichagua, majina na siri alizoziweka. Cron haiandai mengi. Kwa desturi humpa mfanyakazi wa usiku ganda la kawaida, /bin/sh, na njia fupi ya saraka mbili tu, /usr/bin na /bin. Amri iliyoandikwa kwa jina fupi ni sawa na kioneshi: «lete kile» hueleweka mahali ambapo msemaji na msikilizaji wanakitazama kitu kimoja. Ukimwambia hivyo mtu aliye chumba kingine gizani, atajibu kwamba hakioni. Ndiyo maana ya ule ujumbe mashuhuri kwamba amri haikupatikana, pamoja na alama 127 inayoandamana nao. Amri ipo, kinachokosekana ni macho ya pamoja. Dawa yake ni kuacha vioneshi na kutaja majina kamili, njia nzima tangu mzizi, na kuijaribu amri katika umaskini uleule wa usiku, kwa mfano kwa env -i, ambayo huivua mazingira yote kabla ya kuiita. Anayejaribu mchana kwa mazingira yake tajiri hajajaribu kitu.

Katika fungu hilihili imo alama ya asilimia, %. Ndani ya crontab alama hiyo haina maana yake ya kawaida: cron huisoma kama mwisho wa mstari, na yote yanayofuata huipatia amri kama maneno ya kusomewa. Aliyetaka nakala yake ibebe tarehe, akaandika date +%Y bila kuitanguliza alama hiyo kwa mkwaju wa nyuma, sentensi yake imekatwa katikati. Kinachobaki huwa ni amri nusu, na ujumbe wa kosa huzungumzia alama ya nukuu isiyofungwa. Msomaji atahangaika na nukuu, naye asiione asilimia. Ujumbe umesema kweli kuhusu dalili na umenyamaza kuhusu chanzo.

Ubora wa ujumbe wa kosa unaweza kupimwa kwa kulinganisha matini mbili zinazokutana kila asubuhi katika seva za familia ya Debian. Ya kwanza hutolewa na run-parts, programu inayozipitia hati za amri zilizowekwa katika saraka ya kazi za kila siku, ambazo kwa desturi huanza saa 12 na dakika 25 za asubuhi. Husema, kwa tafsiri, kwamba hati fulani imetoka na alama 1. Basi. Inamtaja mhusika na nambari, na alama 1 katika desturi ya Unix haina maana zaidi ya «sikufaulu». Ya pili hutoka kwa logrotate, mkunjaji wa kumbukumbu: inasema imeliruka faili fulani kwa sababu saraka iliyolibeba ina ruhusa zisizo salama, inafafanua kwamba saraka hiyo yaweza kuandikwa na watu wote au na kundi lisilo la mkuu wa mtambo, kisha inaelekeza neno la kuongezwa katika faili la mipangilio, yaani su, ili ijulikane kazi ifanywe kwa jina la nani. Hii ni matini kamili: kitendo, mtendwa, sababu, ufafanuzi na dawa. Mtu akiisoma hadi mwisho hahitaji kumwuliza mwingine.

Ajabu ni kwamba matini hizi mbili mara nyingi hufika katika barua moja, ya logrotate juu na ya run-parts chini, na wengi husoma ya chini peke yake. Huinakili, huitafuta, huambiwa na wengine mambo kumi yasiyohusiana, ilhali maelezo yamo mistari mitatu juu ya jicho lao. Mstari wa mwisho huonekana kuwa hukumu, na hukumu hupendwa kuliko ushahidi. Mwalimu yeyote aliyesahihisha insha anaijua tabia hiyo: mwanafunzi huiangalia alama, haisomi wino mwekundu uliomo kurasani.

Nambari zenyewe hazistahili kudharauliwa, maana nyingine zina habari. Alama 126 hueleza kwamba amri imeonekana lakini haikuweza kutekelezwa, kwa kawaida kwa kukosa ruhusa. Alama 137 ni 128 na 9: kazi imeuawa kwa ishara ya 9, na mara nyingi muuaji ni kiini cha Linux chenyewe kilipoishiwa kumbukumbu ya kazi. Ila kuna nambari moja inayopaswa kushukiwa kuliko zote, nayo ni 0, alama ya kufaulu. Chukua mnyororo wa amri mbili: ya kwanza inachota hifadhidata, ya pili inayabana yaliyochotwa. Kwa desturi ya ganda, mnyororo mzima huripotiwa na amri ya mwisho. Ya kwanza ikianguka mlangoni, ya pili haipokei kitu. Inabana utupu, inaubana vizuri, na kuripoti 0. Faili linalozaliwa lina jina sahihi, tarehe sahihi, na uzito wa baiti 20, ambao ndio uzito wa utupu uliobanwa na gzip. Ni kama karani wa mlangoni aliyeulizwa kama wageni wote wamefika salama, naye akajibu kwamba mlango umefunguka vizuri. Ganda la bash lina neno pipefail la kuzuia udanganyifu huu. Halijiwashi lenyewe.

Hapo ndipo linapofikiwa suala la kimya. Desturi ya Unix inaheshimu kunyamaza: programu isiyo na jambo la kushangaza kusema isiseme neno. Eric Raymond, katika kitabu chake cha mwaka 2003 kuhusu ufundi wa Unix, aliiweka miongoni mwa kanuni za utamaduni huo. Asili yake inaeleweka. Mitambo ya mwanzo iliandika kwa mashine za kuchapa zenye mwendo wa konokono, na matokeo ya programu moja yalikuwa chakula cha programu nyingine, kwa hiyo neno la ziada lilikuwa mchanga ndani ya unga. Cron ilirithi adabu hiyo. Kazi ikitoa maneno, cron huyatuma kwa barua kwa mwenye kazi, au kwa aliyetajwa na MAILTO. Kazi isipotoa neno, hakuna barua.

Isimu ina chombo cha kulieleza jambo hili. Katika «tunda» na «matunda», umoja hauna kiambishi kinachosikika. Wanafunzi hufundishwa kwamba pana mofimu kapa. Kapa hiyo ina maana kwa sababu moja tu: upande wa pili upo kiambishi ma- kinachosikika bila wasiwasi. Roman Jakobson aliandika kuhusu alama kapa mwaka 1939, akiendeleza fikra ya Ferdinand de Saussure kwamba lugha yaweza kutosheka na upinzani kati ya kitu na pasipo kitu. Sharti lililofichika humo ni kwamba njia ya sauti ni nzima. Ikiwa masikio yameziba, «tunda» na «matunda» havipingani tena, na kapa haina maana yoyote.

Kimya cha cron ni mofimu kapa iliyowekwa kwenye njia ambayo hakuna aliyeihakiki. Kinaweza kumaanisha kwamba kazi imefanyika vizuri. Kinaweza pia kumaanisha kwamba haikuanza kabisa, kama inavyotokea kwa hati iliyopewa jina lenye nukta: run-parts ya Debian, kwa kawaida yake, hukubali herufi, tarakimu, kistari cha chini na kistari cha kati peke yake, kwa hiyo hati iitwayo nakala.sh itarukwa kila usiku bila neno, na ile iitwayo nakala itafanyika. Kinaweza kumaanisha kwamba mwandishi wa ratiba, kwa kuchoshwa na barua, aliyaelekeza maneno yote, ya heri na ya shari, kwenye /dev/null, shimo lisilo na sakafu. Na kinaweza kumaanisha kwamba seva haina programu ya kutuma barua. Katika hali hiyo cron ya Debian huandika katika daftari la matukio kwamba hakuna mtumaji barua, na kwamba matokeo yanatupwa. Mstari huo hupachikwa neno la habari. Si onyo, si kosa. Ni habari tu. Katika matini zote zilizopitiwa hapa, huu ndio unaostahili lawama kubwa zaidi ya kimtindo: tarishi anaiandika katika daftari lake, kwa utulivu, taarifa kwamba anazichoma barua.

Tukio la GitLab la tarehe 31 Januari 2017 linaonyesha gharama yake. Kampuni hiyo, inayohifadhi kazi za waandishi wa programu, ilikuwa na matatizo ya hifadhidata yake usiku huo. Mhandisi mmoja, akidhani yuko kwenye seva ya akiba, alifuta saraka ya data ya seva kuu. Alipogutuka baada ya sekunde chache, katika takriban gigabaiti 300 zilikuwa zimebaki 4.5. Wakazikimbilia nakala za kila siku. Ghala lilikuwa tupu. Programu ya kunakili ilikuwa imeitwa kwa toleo la 9.2 la PostgreSQL, ilhali hifadhidata ilikuwa ya toleo la 9.6, kila ilipoitwa ilikataa na kutoa kosa. Cron ilifanya wajibu wake: iliandika barua za kosa na kuzituma. Barua hizo zilikataliwa mlangoni na mtambo wa kupokea, kwa kuwa hazikubeba saini ambayo kampuni yenyewe ilikuwa imeidai kwa barua zote zinazotumia jina lake. Kilichowaokoa ni picha ya diski iliyokuwa imechukuliwa kwa mkono saa sita kabla, kwa haja nyingine kabisa. Kwa makadirio ya kampuni, miradi 5,000 hivi, maoni 5,000 hivi na akaunti mpya 700 hivi ziliguswa na upotevu wa saa hizo.

Kampuni iliandika taarifa ndefu ya wazi kuhusu tukio hilo, ikamtaja mhandisi kwa jina la mwanakikundi wa 1, na hata kuonyesha kazi ya uokoaji moja kwa moja kwa umma. Uwazi huo umesifiwa kwa haki. Lakini namna matini hiyo ilivyopokewa inahitaji uhakiki. Kinachosimuliwa hadi leo ni kidole kilichofuta, kwa kuwa kufuta ni kitendo chenye mtendaji, mahali na saa, na simulizi hupenda mtendaji. Barua zilizokataliwa hazisimuliwi, ingawa bila hizo kidole kingesababisha usiku mmoja wa kazi ngumu na si zaidi. Msomaji wa taarifa hiyo asiyesimama kwenye aya ya barua amesoma hadithi ya mtu mzembe, akaikosa hadithi ya lugha isiyofika.

Je, Kiswahili kina la kuchangia hapa, au kitaendelea kuazima? Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, na juhudi hiyo ilitupatia istilahi nyingi za dirisha, menyu na hati. Ni istilahi za mchana, za mtu aliyeketi mbele ya skrini. Ujumbe wa usiku haujapata mtunzi, na hata msimamizi wa Kongo aliyeiwekea seva yake Kifaransa hushangaa kupokea barua ya cron kwa Kiingereza, kwa kuwa mara nyingi mfanyakazi wa usiku hapewi lugha ya mwenye nyumba. Pamoja na lugha hupotea herufi zenye alama, na hati inayoshughulikia majina kama André yaweza kuanguka kwa sababu hiyo peke yake.

Mchango mkubwa zaidi wa Kiswahili, hata hivyo, si msamiati bali ukanushi wa njeo. Kiswahili hutofautisha «haikufanyika» na «haijafanyika». Umbo la kwanza hufunga jambo: wakati umepita. Umbo la pili huliacha wazi: halijawa, na linatarajiwa. Tofauti hii ndiyo inayozitenga cron na ndugu yake anacron. Umeme ukikatika saa 8 za usiku na kurudi saa 11, cron huitazama kazi ya saa 8 na nusu na kusema haikufanyika. Haitarudi kwayo hadi kesho. Anacron, iliyoandikwa kwa ajili ya mashine zisizowaka muda wote, huhifadhi tarehe ya mwisho ya kila kazi, na mashine ikiamka husema haijafanyika, kisha huifanya. Vipima-saa vya systemd navyo vina neno Persistent lenye maana hiyohiyo. Cron ilitungwa mahali ambapo mashine kubwa haikuzimwa ovyo, na ilipofika mijini kwetu ilikuja na dhana hiyo mkobani. Kwa seva ya Lubumbashi au Bukavu, chaguo kati ya -ku- na -ja- si la mtindo. Nakala iliyopangwa usiku wa Jumapili peke yake, katika mtaa ambao umeme hukatika usiku wa Jumapili, yaweza kukosekana majuma mengi mfululizo, na kila mara ratiba itasomeka kwamba iko sahihi.

Baada ya kuelewa hatari ya kimya, wengi hukimbilia upande wa pili: kila kazi iandike kila usiku kwamba imefaulu. Dawa hii huharibika haraka. Barua 40 za heri kila asubuhi hazisomwi. Hupangiwa sanduku lake, na sanduku hilo halifunguliwi. Siku barua ya 41 ikibeba shari, au siku zikifika 39, hakuna anayehesabu. Jakobson, katika orodha yake ya dhima za lugha ya mwaka 1960, alitenga dhima ya kuhakiki njia ya mawasiliano, kama mtu anaposema «haloo, unanisikia?» kwenye simu. Dhima hiyo hudai jibu. Mashine inayosema haloo kila usiku kwa mtu asiyejibu haihakiki njia, inapiga kelele.

Kinachofaa zaidi kinafanana na upatanisho wa kisarufi. Neno «nyumba» halionyeshi umoja wala wingi. Peke yake ni fumbo. Msemaji hahangaiki, kwa kuwa kitenzi kitaeleza: nyumba imeanguka, nyumba zimeanguka. Taarifa inayokosekana mahali pamoja hulazimika kujitokeza mahali pengine. Vivyo hivyo kazi ya usiku ibaki kimya ikitaka, lakini kila ikimaliza iache alama kwa mashine ya pili, iliyo mahali pengine na yenye umeme mwingine, inayojua alama hiyo inatarajiwa saa ngapi. Alama isipofika, mashine ya pili ndiyo inayosema. Hapo kimya cha kwanza kimepata mpinzani wake. Na mashine hiyo ikiandikiwa Kiswahili, isiseme kwamba hati imetoka na alama 1. Iseme: nakala ya hifadhidata ya sauti haijafanyika tangu tarehe fulani, iliyopo mwisho ina uzito huu, na iliyotangulia ilikuwa na uzito huu. Uzito ni lazima uwemo, kwa ajili ya zile baiti 20.

Inafaa kuonya pia dhidi ya upole wa viambishi katika kutunga ujumbe kama huo. «Faili limefutika», «kazi imekwamika», «haikuwezekana»: kiambishi cha kutendeka humficha mtendaji, na ni kimbilio la karani anayeogopa kulaumiwa. Mashine haina aibu ya kuokolewa. «Cron imeifuta saraka fulani kwa amri ya mstari wa 12 wa ratiba ya mtumiaji fulani» ni sentensi ndefu na si nzuri kwa sikio, lakini anayeamshwa usiku kwa sentensi hiyo anajua pa kwenda.

Lipo bado swali moja ambalo hakuna ujumbe unaolijibu, hata uwe umeandikwa vizuri namna gani. Mashine yaweza kuthibitisha kwamba nakala imefanyika na ina uzito. Haiwezi kuthibitisha kwamba inasomeka kwa mtu. Kwa hazina ya sauti, hilo hudai mtu aichukue nakala, si asili, aifungue kwenye kompyuta nyingine, achague kanda moja bila kupanga, na kuisikiliza walau dakika tano hadi amtambue mzee anayesema na lugha anayoisema. Kazi hiyo haina mstari katika crontab. Idara inaweza kuipangia siku ya kwanza ya kila mwezi, na jina la aliyesikiliza liandikwe kando ya tarehe.